Spika Zenye Taa za Bluu

Kila siku Belyse akirudi kutoka shule, kazi yake ya kwanza haikuwa kubadili sare wala kula. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kaunta, na mama yake akamwekea mbele karatasi zote zilizofika siku hiyo: barua ya mwenye nyumba, bili ya umeme, tangazo kwamba maji yatakatwa Jumatano. Belyse alizisoma kimoyomoyo kwa Kiingereza, kisha akamweleza mama yake kwa Kiswahili. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na Kiingereza chake kilinyooka kama cha mtoto yeyote wa Johannesburg. Mama yake, Gaudence, alifika kutoka Bujumbura akiwa amembeba mgongoni. Alijua Kirundi, Kiswahili, na Kifaransa kidogo cha shule ya msingi. Kwa Kiingereza alijua kusalimia na kutaja bei, basi.

"Huyu ndiye mdomo wangu," Gaudence alipenda kuwaambia wateja huku akimshika Belyse begani. "Na masikio yangu pia. Bila yeye hapa mjini mimi ni bubu."

Wateja walicheka, na Belyse akajisikia mkubwa.

Baa ya Gaudence ilikuwa sebule ya nyumba ya zamani huko Bertrams, karibu na uwanja wa Ellis Park. Ilikuwa na meza sita, sakafu ya saruji, na dari la bati lenye nakshi za maua. Nje, mfanyakazi wao Pacifique alichoma mishikaki ya mbuzi na ndizi. Mwaka wa Kombe la Dunia watu walikula hata wakiwa wamesimama. Mwaka uliofuata meza tatu zilibaki tupu, hata Jumamosi.

"Wamekwenda Kensington, Mama Belyse," alisema Pacifique. "Kuna baa wameweka karaoke. Mtu anakula huku anaimba. Hata wanaoimba kama mbuzi wanapigiwa makofi."

"Basi na sisi tutaweka," alisema Gaudence. "Jumamosi alasiri tu, watu warudi kwao mapema. Televisheni ninayo, mashine ya DVD ninayo. Zimebaki spika na maiki. Akiba yangu inatosha mara moja tu, kwa hiyo tusikosee. Belyse, wewe kanisani unakaa na wale wa vyombo vya kwaya. Unavijua?"

"Navijua vyote, Mama," alijibu Belyse bila kusita. Ukweli ni kwamba kanisani alikuwa akikunja waya tu baada ya ibada. Lakini jibu lilikuwa limeshatoka.

Jumamosi asubuhi wakaenda mjini, kwenye duka la vyombo vya muziki. Belyse aliingia kichwa juu. Mbele kabisa zilisimama spika mbili ndefu zinazomfika kifuani, na kila mdundo ulipopiga, taa za bluu zilizunguka ndani yake. Belyse akazipenda papo hapo. Aliona jinsi zitakavyosimama pale sebuleni, na jinsi watu watakavyochungulia kutoka barabarani.

Muuzaji, kijana mwenye miwani, aliwasogelea, akaanza kuzungumza na Belyse kwa Kiingereza.

"Chumba chenu kina ukubwa gani?"

"Meza sita."

"Basi hizo ndefu zitawasumbua. Hizo ni za ukumbi. Chukueni hizi mbili ndogo, bei ni ile ile, lakini sauti ya mtu inatoka safi. Tena maiki inayokuja na hizo ndefu inanasa sauti kutoka pande zote. Karaoke inataka maiki inayonasa sauti ya mbele tu. Njoo, imba kidogo, usikie tofauti."

Alimnyoshea maiki. Belyse alitaka kuipokea, lakini alipogeuka akamwona Fiona, msichana wa darasa lao, amesimama na shangazi yake karibu na redio. Fiona ndiye aliyewafundisha darasa zima kuiga jinsi mama yake Belyse anavyosema "gudi moningi". Belyse akarudisha mkono wake nyuma.

"Anasemaje?" aliuliza Gaudence.

"Anasema ndefu ndizo nzuri."

"Hata kwa chumba chetu kile?"

"Hata kwa chumba chetu, Mama."

"Na hiyo maiki anayokupa? Hebu imba kidogo, mwanangu. Imba ule wimbo wa Jumapili, tusikie."

"Anasema... anasema hairuhusiwi kuimba humu dukani."

Gaudence alimtazama muuzaji, ambaye bado alikuwa ameinyosha maiki huku akitabasamu. Alishangaa kidogo. Lakini alikuwa amezoea kuyaamini maneno ya Belyse kuliko macho yake mwenyewe. Akafungua pochi, akalipa.

Muuzaji alikuna kichwa. Alipowapa risiti alisema kwamba vyombo vikiwa vizima wanaweza kuvirudisha na kubadilishiwa ndani ya siku saba, na kwamba Jumamosi duka hufungwa saa saba mchana. Hayo Belyse aliyasema yote, neno kwa neno, kwa kuwa hayakumgharimu kitu.

Jumapili baada ya ibada spika zikasimamishwa ukutani, maiki ikachomekwa. Taa za bluu zikazunguka, Pacifique akapiga mluzi wa furaha. Wimbo wa kwenye DVD ulitoka vizuri, ingawa sauti nzito ya besi ilitikisa glasi kaunta nzima.

"Sasa na mimi," alisema Pacifique. Akaishika maiki na kuvuta pumzi. Kabla hajatoa neno la kwanza, spika zikalia: "Wiiiiiii!" Sauti kali ilichoma masikio, ikagonga dari la bati na kurudi. Mtoto wa jirani akaanza kulia. Pacifique akaiangusha maiki mezani kana kwamba imemng'ata.

"Eish! Hiki ni chombo cha muziki au king'ora cha polisi?"

Wakapunguza sauti, mwimbaji asisikike. Wakaongeza, ikalia tena. Jumatatu hivyo hivyo. Jumanne Pacifique alizungusha vitufe vyote, Gaudence akamwambia aviache asije akaviharibu, na wawili hao wakanuniana siku nzima. Na kwa kuwa Gaudence alikuwa ameshabandika tangazo la karaoke mlangoni, kila mteja aliuliza, "Mama Belyse, Jumamosi saa tisa iko palepale?" Naye alijibu, "Iko palepale," halafu akaenda jikoni na kusimama peke yake.

Belyse aliyaona hayo yote. Kila jioni alijiambia, kesho nitasema. Kesho ikifika alikuta mama yake amechoka zaidi, na maneno yakawa mazito zaidi kuliko jana.

Alhamisi mchana Gaudence alimwita Khatibu, fundi wa redio na televisheni mwenye kibanda chake mtaa wa Bellevue, Mtanzania wa Tanga.

"Shikamoo, mjomba," alisema Belyse.

"Marahaba, binti yangu. Haya, tumwone mgonjwa."

Khatibu hakugusa kitufe hata kimoja. Alitazama spika, akatazama dari, akapiga hatua kupima chumba, kisha akaigeuza maiki mkononi.

"Mama Belyse, vyombo hivi si vibovu," alisema. "Ni vizima kabisa, ila hapa si mahali pake. Spika hizi ni za kupiga ukumbini au uwanjani. Hapa mwimbaji atasimama wapi? Lazima asimame mbele ya spika. Na maiki hii inasikia kila upande. Inasikia spika, spika inaitoa sauti ile ile kwa nguvu zaidi, maiki inaisikia tena. Inazunguka hivyo mpaka inalia. Na saruji hii na bati hili hayanywi sauti, yanairudisha tu. Ungepata spika ndogo mbili, na maiki inayosikia ya mbele tu, ukaziweka mbele ya mwimbaji zikiwatazama watu. Muuzaji hakukwambia?"

Gaudence alizitazama spika. Kisha uso wake ukabadilika.

"Hakuniambia! Aliniambia ndefu ndizo nzuri. Tena alinikataza kuijaribu maiki, huku ameishika mkononi! Aliona mama mgeni, hajui lugha, akasema huyu nimtapeli." Alivua aproni. "Jumamosi asubuhi naenda pale. Sitabadilisha kimyakimya. Belyse, utamwita bosi wake, na utamwambia kwa Kiingereza, mbele ya watu wote, kwamba kijana wake ni mwongo. Hata kama atafukuzwa kazi, na afukuzwe."

Belyse alilikumbuka duka lile. Akamwona yule kijana mwenye miwani, amenyosha maiki, anatabasamu. Na maneno ya kumfukuzisha kazi yangetoka kinywani mwa Belyse mwenyewe.

"Mama."

"Nini?"

"Hakudanganya." Sauti ilitoka ndogo. Akakohoa, akasema tena, "Hakudanganya yule kaka. Mimi ndiye niliyedanganya."

Pacifique, aliyekuwa akiingia na sahani, alisimama mlangoni. Khatibu akaanza kukunja kunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa.

"Sema yote," alisema Gaudence.

Belyse akasema yote. Akasema muuzaji aliuliza ukubwa wa chumba, akawaonyesha spika ndogo, akaieleza maiki, akamtaka aimbe. Akasema habari za taa za bluu. Akasema habari za Fiona, na jinsi alivyoona haya kuimba kwa Kiswahili mbele yake. "Na vyombo vya kwaya pia sivijui, Mama. Nakunja waya tu."

Alingoja kofi. Halikuja. Gaudence alivuta kiti, akakaa, akaikunja aproni yake mapajani.

"Kwa hiyo pale dukani," alisema polepole, "mimi nilikuwa nimesimama peke yangu."

Maneno hayo yalimuuma Belyse kuliko kofi.

"Kesho baada ya shule tutakwenda," Gaudence akaendelea. "Tusingoje Jumamosi. Wewe ndiye utakayesema, na utasema ulivyofanya. Mjomba Khatibu, utatusindikiza?"

"Nitawabebea spika," alisema Khatibu. "Kusema, aseme mwenyewe."

Ijumaa walisimama tena mbele ya yule kijana. Belyse hakumngoja mama yake amwambie. Alimtazama kijana machoni, akamweleza kwa Kiingereza kwamba alikuwa amemtafsiria mama yake vibaya kwa makusudi, na kwamba anaomba radhi. Kijana alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akazikagua spika, akaona hazina mkwaruzo, akazirudisha mahali pake na kuzileta zile ndogo. Kisha akanyosha maiki ile ya kunasa sauti ya mbele tu, kama siku ile.

Ijumaa hiyo duka lilijaa watu. Belyse aliipokea maiki. Akaimba wimbo wa Jumapili, kwa Kiswahili, ubeti mzima. Sauti yake ilitoka safi, laini, bila mlio wowote. Alisogea kushoto, akasogea kulia, akainua sauti, akaishusha, kama Khatibu alivyomwelekeza. Mzee mmoja aliyekuwa akichagua betri alisimama kusikiliza hadi mwisho.

"Sharp," alisema muuzaji akiinua dole gumba. "Sasa umechagua." Halafu akaongeza maneno mengine, haraka haraka, huku akicheka.

"Anasemaje?" aliuliza Gaudence.

Belyse alimgeukia mama yake. Maneno hayo angeweza kuyaacha, na mama yake asingejua kamwe.

"Anasema... siku nyingine ukija kununua kitu, usimsikilize mtoto anayependa taa za kung'aa."

Gaudence akamtazama binti yake, aliyeinamisha uso kwa aibu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili akacheka. Alicheka mpaka akajishika kwenye kaunta, na Khatibu akacheka, na muuzaji akacheka kwa kuwaona wanacheka.

Jumamosi saa tisa meza zote sita zilijaa. Spika ndogo zilikaa mbele, zikiwatazama watu, na ukutani Khatibu alitundika mablanketi mawili mazito ya kunywa sauti. Pacifique aliimba wa kwanza, vibaya sana, na akapigiwa makofi mengi. Saa kumi na mbili Gaudence akazima vyombo, watu wakaaga.

Belyse alikuwa akifuta meza alipohisi mkono wa mama yake begani.

"Kaa," alisema Gaudence. "Nikwambie kitu, na ukishike. Wiki hii haukunitisha mlio wa spika. Spika ni vitu, vinabadilishwa. Kilichonitisha ni kliniki. Mwezi ujao nakwenda kupimwa presha, na wewe ndiye utakayekaa kati yangu na nesi. Akisema meza kidonge kimoja, na wewe ukasema viwili kwa sababu umeona haya kumuuliza mara ya pili, mimi nitameza viwili. Nitameza kwa sababu ni wewe umesema. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Usilolijua, sema hujui. Usilolisikia, uliza tena. Na lile linalokuaibisha, liseme kwanza kabla ya mengine, maana ndilo utakalotaka kulificha. Hilo tu naliomba kwako. Kiingereza unacho. Mimi nataka na ukweli."

Belyse alikiweka chini kitambaa chake. Akaenda kwenye kaunta, akachukua barua zilizofika siku ile, akarudi na kukaa karibu na mama yake. Ya juu kabisa ilitoka shuleni.

"Hii ni ya mwalimu wangu wa hesabu," alisema. "Inaanza vibaya, Mama. Ngoja nikusomee yote."