Kengele Tatu za Basi Tupu

Kengele ililia mara tatu, na ndani ya basi hapakuwa na mtu.

Ni jambo la kumfanya mtu akune kisogo kisha aendelee na shughuli zake. Lakini dereva hakuendelea. Kwenye basi lile la zamani dereva hukaa peke yake mbele, kwenye kijichumba chenye mlango wake, ametengwa na abiria kwa kioo kilichofifia, hasikii la mtu asipopigiwa kelele. Kinachomwambia afanye nini ni kengele tu, ambayo kondakta huivuta kwa kamba iliyopita darini kutoka mbele hadi nyuma. Moja: simama. Mbili: ondoka. Tatu: tumejaa pomoni, usisimame kituo chochote hata ukimwona mama mkwe amebeba mzigo.

Saa nne asubuhi, jua la kutosha, basi limeegeshwa karakanani, kondakta yuko nje na kikombe cha chai. Na kengele inasema tumejaa.

"Shemeji, umevuta kamba?" dereva aliuliza. Kondakta alikuwa kaka wa mke wake.

"Nitavutaje nami niko hapa? Labda panya."

"Panya anayehesabu hadi tatu?"

"Siku hizi wamesoma."

Wakacheka. Dereva alicheka kidogo kuliko mwenzake.

Wawili hawa walifanya kazi pamoja miaka thelathini na moja. Dereva, ambaye abiria walimpa jina la Taratibu kwa jinsi alivyofunga breki kama mtu anayemlaza mtoto mchanga, hakuwahi hata siku moja kuondoka kabla ya kengele mbili, wala kubaki baada ya kengele mbili. Hakugeuka kuangalia. Shemeji akisema twende, ni twende. Mabasi ya rika lile yalipostaafishwa, mengine yote yalikatwakatwa yakauzwa chuma chakavu. Hili moja lilisubiri zamu yake, injini imekufa miezi minane, mafundi watatu wameishika wakanawa mikono. Kisha siku moja likawaka, kondakta akiwa peke yake nalo.

"Nimelibembeleza," alisema.

Basi likapakwa rangi mpya na kupewa kazi za uzeeni: maharusi, wanafunzi wanaotembezwa mjini, na wageni wanaopenda kupigwa picha wakining'inia mlangoni. Taratibu alirudishiwa usukani wake, akalia mbele za watu na kusingizia vumbi.

Tangu siku hiyo miguu yake ilikuwa baridi.

Jumamosi ile ya kengele tatu walibeba harusi. Hawakufika mbali, bibi harusi akaja kugonga kioo cha dereva kwa pete.

"Baba, samahani. Mwambie mzee wa nyuma aninyanyukie. Amekalia gauni langu."

Taratibu alifunga breki, akashuka, akazunguka hadi mlango wa nyuma. Kiti cha mwisho hakikuwa na mtu. Lakini mkia wa gauni ulikuwa umevutika hadi pale, umekaza kama kamba ya kuanikia nguo, na kitambaa cha kiti kilikuwa kimebonyea kama kimekaliwa na mtu mnene, na pakanukia mvua iliyoanguka juu ya lami ya moto, ilhali nje mvua haikuwa imenyesha kwa wiki sita. Kondakta alisimama kando, amekodolea macho viatu vyake.

"Shemeji, unaona?"

"Naona gauni refu," kondakta akasema kwa sauti ndogo. "Rudi mbele, tutachelewa."

Kengele zikalia mbili. Mikono yote miwili ya kondakta ilikuwa mifukoni.

Taratibu akarudi, kwa sababu kengele ni kengele, akakaa, akaondoa gari, na alipofika kwenye mzunguko wa barabara akataka kupunguza mwendo akagundua kwamba mguu wake wa kulia haumsikilizi, umeganda juu ya pedali ya mafuta kama wa mtu mwingine aliyemwazima, na basi likazidi kukimbia, na nyuma ya shingo yake, ndani ya kijichumba kisichotosha hata watu wawili wembamba, mtu akashusha pumzi, polepole, kama abiria aliyepata nafasi ya kukaa baada ya safari ndefu. Breki zilikubali hatua chache tu kabla ya ukuta wa kando ya barabara. Maharusi walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya burudani.

"Miguu hii ni ya maiti," mkewe alisema nyumbani, ameishika mapajani mwake. "Baba watoto, kesho huendi kazini bila mtu wa kukuangalia."

Akamwita mganga, mama mmoja mwenye miwani minene na mkoba wa kwapani, ambaye ungemdhani mwalimu wa hesabu. Alifika karakanani saa tisa alasiri, ameongozana na mke wa Taratibu. Hakupiga ngoma wala hakupandisha sauti. Alinusa kiti cha nyuma, akatikisa kichwa, akaenda moja kwa moja mbele, akaingiza mkono chini ya kiti cha dereva, akatoa tiketi ya rangi ya waridi.

"Hii ya nani?"

Nyuma ya tiketi paliandikwa jina la Taratibu, herufi zimelalia kushoto. Aliujua mwandiko ule. Kwa miaka thelathini na moja ulimwandikia salamu za sikukuu.

"Dereva hakatiwi tiketi," alisema.

"Ndiyo," mganga akajibu. "Mwenye tiketi ni abiria. Na wewe umekatiwa hadi mwisho wa njia."

Kondakta alikaa kwenye ngazi. "Walikuwa waje kulikata basi kesho yake," alisema. "Nikaomba, sikujua namwomba nani. Mtu akanijibu kutoka kiti cha nyuma. Akasema ataliwasha, ila nimpe mmoja wa kusafiri naye daima."

"Ukanitoa mimi."

"Wewe unalipenda kuliko mimi, shemeji. Nilidhani hutakataa."

"Ungeniuliza."

Dada yake kondakta alimtazama mara moja, kisha akampa mgongo.

"Aliyeikata ndiye ataichana," mganga akasema. "Kwa mkono wake, kisha aichome. Basi litakufa saa hiyo hiyo. Likiwaka tena, mjue hajaondoka."

Kondakta alipokea tiketi. Alitazama basi, vyuma vyake vinavyong'aa, vitasa alivyovisugua kila asubuhi. Akajifuta jasho kwa leso ya mfukoni, kisha akachana. Vipande vya waridi vikaangukia kwenye bati la makaa, vikajikunja, vikawa majivu. Harufu ya mvua ikakatika. Taratibu alihisi joto likipanda kutoka nyayoni, akachezesha vidole vya miguu kama mtoto, akacheka hadi machozi, na katika ujinga wa furaha akamkumbatia mwenzake.

"Yameisha, shemeji."

"Yameisha," kondakta akasema begani mwake.

Siku ya pili walikuwa mezani, saa saba mchana, Taratibu peku, anajisifu.

"Gusa. Moto kama pasi."

Mkewe aligusa. Akaondoa mkono haraka: ilikuwa barafu.

Barabarani ukasikika mngurumo. Hakuna injini nyingine mjini iliyokohoa vile. Basi likaja na kusimama mbele ya mlango wao, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Kwenye usukani hapakuwa na mtu. Kwenye ngazi ya nyuma alisimama kondakta, sare imepigwa pasi, uso umelowa machozi, na kutoka mfuko wa shati lake ilichungulia tiketi ya waridi, nzima.

"Alichana nyingine," mkewe akanong'ona. "Kaka yangu. Vidole vyake vile vyepesi vya kukata tiketi."

"Nishike," Taratibu akasema.

Akamshika kiuno kwa mikono miwili. Kondakta hakuigusa kamba.

Kengele ikalia mara moja, kisha mara ya pili.

Na Taratibu, ambaye kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kuzisikia kengele mbili akabaki amekaa, akasimama.