Fundi Hushuka na Breki Zake

Mapenzi hayamngoji mtu anawe mikono. Timotheo yalimkuta kalala chali chini ya Landrova, siku ya soko, katikati ya Lushoto, miguu tu inaonekana, na akina mama wenye matenga ya kabichi wanamruka kama gogo.

"Silvano, nipe spana namba kumi na nne!" Mkono uliojaa grisi ukachomoza.

Silvano, dereva wa gari hilo, alikuwa kaenda kunywa chai. Aliyekuwa anapita hapo ni Jenoveva, mkunga mgeni wa hospitali, gauni la buluu limenyooshwa pasi, sweta la kijivu mabegani. Akatazama huku na huku, akainama, akachagua spana moja kwenye boksi, akaitia mkononi.

"Hii kumi na tatu! Silvano, macho yamezeeka?"

"Mimi si Silvano. Na macho yangu mazima."

Uso ukatoka, una masizi mpaka kwenye nyusi. "Samahani sana, dada."

"Umesamehewa. Haya, nionyeshe hiyo kumi na nne ikoje."

Ndivyo walivyoanza. Kwa miezi minane kila Jumapili, Jenoveva akitoka misa na Timotheo akitoka ibada yake ya Kilutheri, walikutana njia panda wakapanda taratibu kuelekea Magamba, huku ukungu ukishuka kwenye miti. Siku za kazi ilikuwa simu. Ikilia mchana pale hospitali, manesi wenzake walikwisha kujua.

"Nesi, umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimekula grisi na chumvi."

"Shauri yako. Mimi siolewi na tumbo la grisi."

"Nani kasema anakuoa?"

Hapo ndipo penyewe. Nani kasema? Hakuna. Timotheo alikuwa mgane wa miaka thelathini na sita, na neno la mapenzi lilikuwa halijamtoka hata siku moja. Kuhusu marehemu mkewe, Dorkasi, alisema tu kwamba aliugua njiani, na Jenoveva hakumchimba. Alimpenda hivyo hivyo na kimya chake, akangoja.

Oktoba ya mwaka 1974 ikaja barua. Kijiji kipya cha ujamaa huko Mpanda kilikuwa na watu elfu mbili na zahanati isiyo na mkunga. Jenoveva aende, na ile Landrova kuukuu, ya tangu kabla ya Uhuru, impeleke na ibaki huko huko kubeba wagonjwa. Mvua zikianza, barabara ya kule haipitiki mpaka Mei. Kwa hiyo safari iwe kabla Novemba haijaisha, fundi akitia sahihi kwamba gari litafika. Asipotia, basi mpaka mwakani.

Na fundi ni nani? Timotheo.

Jenoveva akangoja aambiwe, "Baki." Jamani, badala yake yule mwanamume akalivamia lile gari kama mtu anayefukuzwa! Akazishusha springi, akabadilisha mbili zilizopasuka. Akaosha rejeta, akaifungia wavu mbele, mbegu za nyasi zisije kuiziba huko nyikani. Akafunga bitana mpya za breki, akatengeneza vishikio vya madebe ya maji na petroli, na nyuma akachonga sanduku la vyombo vya uzazi lenye matandiko ya sufi, chupa zisivunjike. Kisha akapiga simu, sauti ina furaha.

"Nesi! Gari litakuwa tayari Jumamosi. Wiki nzima kabla ya siku!"

"Unafurahi?"

"Si kazi imekwisha?"

Jenoveva akaweka simu chini bila kuaga, akaenda kulia chooni.

Ijumaa alasiri akashindwa kuvumilia, akaenda mwenyewe karakana.

"Timotheo, andika springi mbovu. Andika chochote. Neno moja tu, nami nabaki mpaka Mei."

Timotheo alifuta mikono kwa tambara, akaifuta tena. "Gari ni zima, Jenoveva."

"Najua ni zima! Sikuulizi habari za gari, nakuuliza wewe!"

"Siwezi kuandika uongo juu ya gari."

"Basi umenijibu," akasema, akaondoka na moyo umevunjika kabisa. Ningekuwa yeye ningeondoka vile vile. Mwanamke ataishi vipi kwa kubahatisha?

Lakini karakana ile ilikuwa na desturi yake: fundi hushuka na breki zake. Aliyezifunga ndiye anayekaa ndani ya gari kwenye kona zote za mlima mpaka Mombo. Zikikataa, zimkatae na yeye. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi walibanana watatu mbele, Silvano kwenye usukani, Jenoveva katikati, kavaa kitenge cha kijani na kitambaa cheupe kichwani, macho yamevimba, na Timotheo mlangoni.

"Mgosi, leo mmekunywa gundi?" Mzee Silvano alimtania Timotheo. Wakaipita Soni na maporomoko yake, wakaanza kushuka. Timotheo aliinamisha kichwa akisikiliza breki kila kona. Halafu ghafla akasema, "Mzee, simama hapa."

"Breki?"

"Breki nzima. Nina neno."

Silvano akasimamisha gari, akashuka, akaenda kukagua tairi ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

"Dorkasi alifia hapa," Timotheo alisema, anatazama mbele. "Nilikuwa kibarua Mombo. Uchungu ulimshika kabla ya siku zake, mkunga hakuna, tukadandia lori kuja Lushoto. Hapa ekseli ikakatika. Tulikaa kutwa nzima kwenye jua. Yeye, halafu mtoto. Mwenye lori alijua ile ekseli ina ufa. Alituambia itafika."

Jenoveva akamgeukia.

"Ndipo nikajifunza ufundi. Sasa huko Mpanda kuna mwanamume simjui, mkewe ana mimba. Nikiandika gari bovu ili nikae na wewe, nimemfanyia yaliyonipata mimi." Hapo akamtazama machoni. "Lakini usiende unadhani sikupendi. Nakupenda, Jenoveva. Hilo gari nimelifunga usiku na mchana kwa sababu wewe ndiye utakayekaa ndani yake."

Aibu ikamwingia Jenoveva mpaka kwenye mifupa. Yeye, mkunga, ndiye aliyeomba uongo ule! Akaushika ule mkono mgumu kwa mikono yake miwili. "Nisamehe. Sikujua."

"Ungejuaje? Sikukuambia."

Mombo joto liliwapokea, na kelele za utingo na wauza machungwa. Kidesturi, fundi alipaswa kushuka, aseme zimepita, apande basi kurudi mlimani. Timotheo akashuka. Hakwenda kokote.

"Gari hili ni kuukuu," alisema dirishani. "Halimalizi mwaka bila fundi."

"Kwa hiyo utalifuata gari?"

"Nakufuata wewe. Jumapili ijayo nakwenda Amani kwenye kambi ya chai, kwa baba yako, na barua ya posa. Akikubali, naomba uhamisho. Wakininyima, naacha kazi, napanda treni."

"Baba ni Mngoni mkali. Atakuuliza habari za kanisa kwanza, halafu atakuuliza kama binti mwenyewe anakutaka."

"Nimwambie nini?"

Jenoveva akamgeukia dereva. "Mzee Silvano, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Si umeniamkia alfajiri?"

"Nakuamkia upya, maana nakuomba uwe shahidi wangu. Mwanamume huyu ameniomba hapa Mombo, na mimi nimemkubali kwa hiari yangu. Ukirudi, ukiulizwa, useme ulisikia."

Mzee Silvano akavua kofia. "Nimesikia," akasema. "Na Mungu amesikia."

Timotheo akafunga mlango vizuri, akaujaribu mara mbili kama umeshika. Landrova ikakata kona kuelekea Korogwe. Jenoveva alilia njia nzima, na mzee wa watu hakumwambia anyamaze.