Mume wa Ukurasa wa Mwisho

Januari ya 1978, duka la vitabu la Govind mjini Nyeri lilifurika wazazi wenye orodha za shule mkononi. Askari alipoingia, kofia kwapani na viatu vinang'aa, watu walimpisha haraka, hata wasiokuwa na kosa. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya mpiga taipu, Waithira, msichana wa sketi ya samawati na bangili mbili za plastiki.

"Kwani nimefanya nini, afande?"

"Bado. Lakini niko na kitu nataka unifichie." Akachomoa daftari ndani ya koti. "Ni hadithi. Unipigie taipu, na usicheke."

Waithira alicheka papo hapo.

Konstebo Philemon Oloo, mtu wa Siaya, akawa anakuja kila Jumamosi na kurasa mpya.

"Huyu msichana wa hadithi yako analia sana," Waithira alimwambia. "Sisi wa huku hatulii hivyo."

"Wa kwetu hulia."

"Basi oa wa kwenu."

"Na wa kwenu ndiye ananipigia taipu?"

Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Govind aliyajua kabla ya wenyewe, akaanza kuagiza chai vikombe vitatu kila Jumamosi.

Shida ilikuwa moja: askari haruhusiwi kuchapisha kitu bila idhini ya wakubwa. Philemon aliomba, akangoja miezi minane, kimya. Waithira ndiye aliyesema, "Weka jina langu." Hadithi ikapelekwa kwa wachapishaji Nairobi kwa jina la Waithira wa Kingori, nayo fomu ya habari za mwandishi, Philemon akaijaza peke yake kambini, akaituma.

Kitabu kilifika mwaka uliofuata, hadithi za waandishi sita. Nyuma kulikuwa na maisha yao: mkulima wa mpunga wa Mwea, muuguzi wa Kerugoya, mjane muuza maandazi, padri aliyevua kanzu, mwalimu. Na Waithira: "Ni mpiga taipu mjini Nyeri. Anaishi na mumewe, ambaye ni askari."

Kabla hajamaliza kuusoma mstari huo mara ya pili, baba yake alikuwa mlangoni mwa duka, ametoka Karatina na koti lake la mzee wa kanisa, nakala ya kitabu mkononi.

"Nimesoma ati nimeoza msichana," alisema Mzee Kingori. "Mbuzi ziko wapi?"

Waithira alipima mawili kichwani. Akisema hadithi si yake, Philemon atafukuzwa kazi. Akinyamaza, yeye ni mwanamke anayekaa na mwanamume bila wazee kujua. Alinyamaza. Baba yake alikiweka kitabu juu ya meza, akaondoka bila kuaga, na hilo lilimuuma kuliko kupigwa.

Jioni alimkabili Philemon nje ya duka. "Umenioa kwa kalamu?"

"Fomu iliuliza kama mwandishi ako na bwana. Mkono ukaandika ile roho inataka. Nilidhani hakuna mtu husoma huko nyuma."

"Baba yangu husoma hata karatasi ya kufungia sukari! Si ungeniuliza kwanza?"

"Niliogopa utasema hapana."

"Basi nasema sasa. Hapana!"

Akalia njia nzima hadi nyumbani, yeye wa huku asiyelia.

Wiki haikuisha, Mzee Kingori akarudi dukani, sauti imeshuka. "Askari wako alikuja Karatina, kofia mkononi. Amesema hadithi ni yake na huyo bwana ni uongo wake. Ati ameambia hata mkubwa wake." Akakohoa. "Lakini mbuzi hakuleta."

Waithira alikimbia hadi kambini bila koti. Kitanda cha Philemon kilikuwa kimekunjwa godoro. Hawakumfukuza, walimhamishia Garissa, akaondoka asubuhi hiyo na lori. Angefanya nini? Maji yakimwagika hayazoleki. Alirudi kwenye taipu yake, na kwa siku kumi alipiga barua za watu wengine.

Ndipo simu ya Govind ikalia. "Garissa. Dakika tatu," alisema opereta.

"Mpenzi, bado umekasirika?"

"Sana. Umeenda bila kuniaga."

"Walinipa saa moja. Nilipita hapo dukani, mlikuwa bado hamjafungua."

Waithira alishika waya kwa nguvu, ungedhani utamponyoka. "Wachapishaji wamesikia hadithi ni yako, wanataka karatasi ya masahihisho ya kutia kwa kila kitabu. Ninaipiga hapa. Nimefika pale pa ndoa."

"Andika hajaoa. Nimechoka na uongo."

"Philemon, uliza."

"Niulize nini?"

"Ile kitu uliogopa!"

Waya ulikoroma. Sauti yake ikaja kutoka mbali. "Waithira, utakubali kuwa bibi yangu?"

"Dakika tatu zimekwisha," alisema opereta.

"Ndiyo!" alipiga kelele Waithira. "Ndiyo, Philemon!" Lakini laini ilikwisha kukatika, na aliyesikia ni Govind peke yake, aliyegeuka upesi akajidai anapanga madaftari.

Waithira akajifuta macho, akavuta kiti, akapiga taipu: "Mwandishi wa hadithi hii ni Philemon Oloo, askari, Garissa. Mchumba wake ni mpiga taipu mjini Nyeri. Mbuzi bado hawajaletwa."

Karatasi ya kwanza aliitia katika bahasha ya Garissa. Ya pili aliituma Karatina, kwa mzee asomaye hadi ukurasa wa mwisho.