Jina Kwenye Chupa

Siku hiyo wateja walimtoa Musau roho. Mmoja alitaka dawa nyekundu. Nyeupe, alisema, haina nguvu. Mzee mmoja alinong'ona ugonjwa wake nusu saa nzima, Musau asiambulie ila "huku chini." Mwingine kaleta chupa ya mafuta ya taa, haijaoshwa, atiliwe dawa ya macho! Kazi gani hii, jamani?

Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru. Musau, Mkamba aliyehamia na mkewe kwenye mashamba ya walowezi, alikuwa na wiki tatu tu katika duka la dawa la Kikoneni. Watu walikuja na chupa zao, naye akizijaza na kubandika karatasi yenye jina la mgonjwa. Bila jina, tajiri mwenye duka alisema, dawa haitoki.

Magharibi, akiwa anavuta mlango, akaingia mwanamke. Hakupiga hodi. Alinuka udongo mbichi, na mvua haikuwa imenyesha.

"Dawa ya kikohozi," alinong'ona. "Ya mtoto."

"Anaitwa nani?"

Mwanamke akaweka chupa tupu mezani.

"Mama, mtoto anaitwa nani?"

"Hana jina."

"Ana miaka mingapi?"

"Sita."

"Miaka sita, na hana jina?"

"Hakupewa. Mwandikie lolote, dakitari."

Angalikuwa na nguvu, Musau angaliuliza zaidi. Lakini miguu ilimwaka moto, na alichotaka ni kwenda zake nyumbani. Akaandika jina la kwanza lililomjia, la binti yake wa pekee.

"Nisomee."

"Syovata."

Mwanamke akalirudia polepole, akilionja.

"Syovata... Ahsante. Umenipa kwa hiari yako."

Akaondoka na chupa yake. Bi Mbodze, aliyekuwa akiuza mbaazi barazani, akaja mbio, kanga inamvuka.

"Musau! Umemwandikia yule?"

"Shikamoo, bibi. Nimemwandikia, kwani vipi?"

"Ee Mola wangu! Mwanawe alikufa kabla ya kupewa jina, mwaka wa sita huu. Kila akija muuzaji mgeni, yeye huja na ile chupa. Sisi hatumpi hata la paka. Umempa la nani?"

Musau aliuacha mlango wazi. Alikuwa ameshaanza kukimbia.

Nyumbani alimkuta Kathini, mkewe, akikoroga uji. Mtoto ameketi karibu na moto, mzima, anacheza na magunzi. Musau nusura alie kwa furaha.

"Syovata!"

Mtoto hakugeuka.

"Syovata, mwanangu!"

Kathini akainua uso.

"Unamwita nani?"

"Mtoto wetu!"

"Huyu?" Kathini akacheka kidogo. Kisha kicheko kikamkauka, mwiko ukasimama chunguni. "Huyu... tulimwita nani, Musau?"

Nje, kwenye mahindi, mtoto mwingine akakohoa.

Mara moja. Mara mbili.

"Abee, baba."

Musau alimkumbatia bintiye, akauma midomo isitoke sauti. Baadaye walimpa mtoto majina mengine, matatu, na padri akayaombea. Hakuna hata moja aliloliitikia. Hivyo Musau humwita kwa kupiga makofi, na mtoto huja. Lile la kwanza halitamki tena, hata akiwa peke yake. Analitamani, maskini, lakini kila alipolitaja kikohozi kilisogea, na sasa kiko karibu na mlango.