Kiyoyozi cha Mama Kelly

Giza lilikuwa linaanza kuingia Feruzi alipobisha geti la Mama Kelly, mtaa wa Area 18 mjini, mfuko wa bisibisi na brashi begani. Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida: kiyoyozi kinadondosha maji ndani. Kwa fundi, hilo si jambo la kumkosesha usingizi.

Aliyefungua ni Goreth, jirani yake wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, aliyekuwa mfanyakazi wa ndani hapo. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. Akamweleza yote palepale getini, kwa haraka. Maji yalidondokea kitanda cha Kelly, binti wa nyumba, na mtoto alikuwa anakohoa na kukonda. Kila jioni anauliza swali lilelile: "Mama, nani iko ananipulizia?" Mama Kelly, mfanyabiashara kutoka Burundi kama Goreth mwenyewe, alikuwa ameshaamua kwamba mchawi ni Goreth. Fundi asipoona ubovu wa kawaida, Goreth atafukuzwa leo hii, na jina la uchawi litamtangulia kambini. Dzaleka nyumba zimebanana. Ukishapewa jina hilo, huna pa kulikwepa.

"Papa Djamila, unisaidie," alinong'ona.

"Papa Djamila?"

Mama Kelly alikuwa amesimama nyuma yao. Hawakumsikia akija.

"Kumbe uko na mtoto. Iko na miaka ngapi?"

"Saba, Mama," Feruzi alijibu.

"Kama Kelly wangu." Akatabasamu.

Chumbani, Feruzi alizima swichi ya mashine, akapanda kwenye kiti. Chujio lilikuwa na vumbi, akalitoa likaoshwe. Mabomba ya shaba hayakuwa na barafu. Mashine ilikaa sawa ukutani, haikuinama. Basi kilichobaki ni lile bomba dogo la kutolea maji, maana likiziba, maji hurudi ndani.

Lakini kuna jambo halikumkaa vizuri. Kitanda cha mtoto kingeweza kusogezwa, na hakuna aliyekisogeza. Tena Mama Kelly aliishia mlangoni. Hakukanyaga chini ya ile mashine hata mara moja.

Feruzi akazunguka nyuma ya nyumba, akafanya kama wafanyavyo mafundi wasio na pampu. Aliweka mdomo kwenye bomba, akapuliza.

Zito. Hewa haikupita.

Akavuta pumzi, akapuliza tena kwa nguvu zaidi.

Kimya...

Halafu bomba likampulizia yeye.

Taratibu. Pumzi ndefu, ya baridi, yenye harufu ya majivu na nywele mbichi. Ni hewa tu iliyobanwa, alijiambia, inarudi. Lakini hewa iliyobanwa hurudi mara moja ikaisha. Hii ilisimama... ikavuta... ikapuliza tena. Na mashine alikuwa ameizima kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha kitu kikateleza, kikamwangukia kiganjani.

Msuko wa nywele. Mfupi, wa mtoto, umefungwa kwa uzi mwekundu.

Goreth alikuwa kando yake na ndoo. Feruzi akamtazama kwa jicho la shaka. Nani mwingine alifagia na kutandika chumba kile kila siku?

"Ni we uliiweka?"

"Mi? Siku nilifika hapa, ile mashine ilikuwa inadondosha. Njo maana mfanyakazi wa mbele yangu alikimbia."

Fundi aliyemfundisha kazi alimwachia desturi moja: uchafu unaoutoa, mwonyeshe mwenye nyumba. Safari hii Feruzi hakuweza. Akiuonyesha, Goreth amekwisha. Akausokomeza msuko mfukoni, akaenda kumwambia Mama Kelly kwamba ni vumbi na mjusi aliyekufa.

Mama Kelly, aliyekuwa akitafuta ushahidi wa uchawi, hakuomba kuona chochote.

"Uende nayo yote," alisema kwa upole. "Usitupe hapa kwangu. Zikomo, asante sana, Papa Djamila."

Usiku ule Feruzi alilala mtaa wa Area 23 kwa ndugu yake. Asubuhi, njiani kurudi kambini, akautupa msuko porini, akajisugua mikono kwa mchanga. Mfuko wa suruali ulibaki na unyevu hata jua lilipowaka.

Jioni, mara tu baada ya swala ya magharibi, Goreth akapiga simu. Sauti yake ilikuwa nyepesi. Kelly amekula, hakohoi tena, mashine kavu kabisa. Mama Kelly amesema abaki na kazi yake, tena amempa kitenge kipya.

"Ila..." Goreth akasita. "Mama Kelly iko anauliza kila saa. Eti Djamila iko namna gani?"

Feruzi akageuka. Nyumba yake ya udongo haikuwa na umeme. Dirisha lilikuwa limefungwa. Nyuma ya pazia, kwenye mkeka, binti yake alikuwa ameinuka, ameziba sikio kwa kiganja.

"Papa," alisema polepole. "Nani iko ananipulizia?"