Kovu Chini ya Kofia

Lifti za jumba lile ziliharibika adhuhuri, saa ambayo watu huwa wengi kama siafu: makarani wanashuka kula, wateja wa benki wanapanda, wachukuzi wanapigana vikumbo na maboksi. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanamke mwenye gauni la njano lililombana kiunoni na viatu vya kisigino, kakumbatia furushi la nywele za kusukia. Saluni yake ilikuwa ghorofa ya sita. Wateja walimwita Cheko, kwa kuwa kicheko chake kilifika mlangoni kabla yake, na ulimi wake haukuwa na breki.

Mbele ya mlango wa lifti, fundi mmoja alikuwa amepiga magoti, uso kauingiza kwenye kisanduku cha nyaya, ananong'ona peke yake.

"Fundi," Cheko akamwita, "unaitengeneza au unaitongoza?"

Watu wakaangua kicheko. Fundi akageuka. Alivaa ovaroli ya buluu iliyofifia magotini na kofia ngumu ya kazi, na alikuwa na macho ya mtu anayesikiliza.

"Nimeanza kwa kuitongoza, dada, naona inaringa. Labda ungenisemea wewe."

"Mimi siwasemei wanaume wasiojua kazi. Huko juu nina mteja kasukwa upande mmoja. Akijiona kwenye kioo atanishtaki."

"Basi usishtakiwe kwa ajili yangu. Lete mzigo."

Akalitwaa furushi, akatangulia ngazini. Walipofika ghorofa ya sita wote wawili walikuwa wanahema, na Cheko alikuwa ameshavua viatu akavishika mkononi. Akampa maji ya baridi. Fundi akayanywa akiwa amesimama, akashukuru, akashuka kuimalizia lifti yake. Kesho yake lifti ilikuwa nzima, lakini fundi alipanda tena. Eti anakagua.

Ndivyo yalivyoanza. Haukupita muda simu zikawa hazikatiki.

"Halo, laazizi. Umekula?"

"Nitakulaje na sijasikia sauti yako?"

"Mwongo wewe! Nasikia unatafuna."

"Natafuna upweke."

"Utavimbiwa, mpenzi. Shuka, nipo hapa chini."

Alikuwa mtu mpole, mwenye utani wa taratibu, asiyeahidi jambo asiloliweza. Cheko, aliyezoea kuongea kwa ajili ya watu wawili, alijikuta kwa mara ya kwanza anatamani kunyamaza ili mwenzake aseme. Jambo moja tu lilimkera. Kazini Fundi alivaa kofia ngumu, na nje ya kazi alivaa kofia ya kitambaa iliyoteremka hadi karibu na masikio. Hakuivua hotelini wala sinema. Hata siku alipopelekwa kwa mama yake Cheko aliketi nayo sebuleni, na mgeni alipoondoka mama akasema, "Mwanangu, huyu mkwe ana adabu tele, ila kofia yake haina."

"Kichwa chako kina nini?" Cheko alimuuliza siku moja. "Mikono yangu imeshika vichwa vya mji mzima, chako wewe kinanishinda."

"Kinapata baridi."

"Kwenye jua hili?"

"Kila mtu na baridi yake, mpenzi."

Jioni moja, wakiwa wameketi kwenye benchi la bustani, Fundi aliushika mkono wake na kuubana kidogo. "Cheko," akaanza, "nilipokuwa mdogo, nyumbani palikuwa na sufuria kubwa..."

Simu ya Cheko ikalia. Alikuwa bibi harusi mtarajiwa, anataka kubadilisha mtindo. Cheko akaeleza, akabisha, akacheka, akaeleza tena. Alipomaliza, aliegemea bega la mwenzake. "Ulikuwa unasemaje?"

"Haikuwa kitu."

Naye akalikubali jibu hilo. Baadaye lilikuja kumrudia kama mwiba uliovunjikia nyayoni.

Siku iliyoharibu mambo ilikuwa Ijumaa, saluni imejaa. Mteja mmoja alikuwa analalamikia kichwa cha mumewe. Maradhi ya ngozi yalikuwa yamemwachia viraka visivyoota nywele, naye mke anaona aibu kutembea naye.

"Shoga, hicho si kichwa," Cheko akasema, kitana juu kama nyundo ya hakimu. "Ni uwanja wa mpira wa shule! Nyasi pembeni, katikati vumbi. Mimi nikimpata wa hivyo, nitamwambia alale na kofia, nisije nikaota majinamizi."

Saluni nzima ikalipuka. Cheko mwenyewe alicheka hadi akashika kiti. Alipoinua macho alimwona Fundi kizingitini, mfuko wa chakula mkononi. Alikuwa amemletea cha mchana.

"Karibu, kipenzi! Mbona huketi?"

"Lifti ya pili inaniita," Fundi akasema. Akauweka mfuko karibu na kioo, akatabasamu, akaenda zake. Cheko alizoea kumtambua mtu kwa kisogo chake tu, lakini uso ule hakuusoma.

Wiki iliyofuata Fundi aliaga kwamba anasafiri kikazi. Simu zake zikawa fupi, za mkato. Mchana mmoja Cheko alimpigia, akapokea kwa sauti ya haraka: "Nipo kwenye mtambo, mpenzi, nitakupigia." Lakini hakukata. Simu ikabaki hewani, na Cheko akasikia mlango ukifungwa, kisha sauti ya mwanamke, laini, yenye mazoea:

"Haya, vua shati. Lala kifudifudi. Tulia tu, sitakuumiza."

"Taratibu basi," Fundi akajibu, akicheka kwa woga.

Simu ikakatika. Cheko alisimama na kitana mkononi mpaka mteja akamuuliza kama kuna msiba.

Hakumuuliza. Hapo ndipo alipokosea zaidi ya pote, kwa sababu yeye aliyekuwa na neno kwa kila mtu, neno hilo moja alilifungia kifuani likachacha. Shoga zake wakalikoleza: mwanamume asiyevua kofia ana jambo, na mwenye jambo moja ana mawili.

Fundi alirudi na kumpigia siku hiyo hiyo. "Jumapili dada anapika. Nataka uje, mama. Watakuwepo shangazi na shemeji. Nina maneno ya kusema, na nataka uyasikie mbele yao."

"Maneno gani?"

"Njoo tu."

Cheko akaenda. Alivaa gauni jekundu la mikono mirefu, akajipaka wanja, moyo umejaa maji ya moto. Dada mkubwa wa Fundi, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, alimpokea kwa mikono miwili: "Karibu, wifi. Hatimaye tumekuona." Meza ilikuwa imeshaandaliwa. Fundi aliketi upande wa dirisha. Uso ulikuwa umemvimba kidogo, jicho moja limefumba nusu, na kichwani alivaa kofia mpya, pana, ya kitambaa chepesi.

Cheko alimtazama jicho akaona kila alichotaka kuona. Akamwona mume wa mtu aliyefumania, akaiona ngumi, akamwona na mwanamke wa sauti laini aliyenunua kofia.

"Jicho limepatwa na nini?" akauliza, kabla hata sahani hazijajaa.

"Nitakueleza, mpenzi. Tule kwanza."

"Na kofia hiyo? Zawadi ya yule anayekulaza kifudifudi?"

Shangazi akaweka kijiko chini. Fundi akasema polepole, "Cheko, si hivyo. Nakuomba."

"Unaniomba nini? Leo utaivua!"

Akanyoosha mkono juu ya meza, akaikamata kofia, akaivuta kwa nguvu zake zote.

Ilikuwa imegandamana kidogo na kilichokuwa chini yake. Fundi alitoa sauti fupi, kama mtu aliyekanyaga moto. Upande wa kulia wa kichwa chake, kutoka juu ya sikio hadi utosini, palikuwa na kovu pana la kuungua, jeupe na linalong'aa. Juu ya kovu hilo palipangwa vitone vingi vyeusi, vidogo kama mbegu za mchicha, kila kimoja na unywele wake mfupi. Pale kofia ilipong'ang'ania palikuwa pamechubuka, na damu ikaanza kutoka, nyembamba, ikimtiririkia shavuni. Shemeji alicheka kicheko cha kushtuka, cha mtu asiyejua afanye nini, akajiziba mdomo.

Fundi hakumtukana. Alichukua kitambaa cha kufutia mikono, akakibana kichwani, akasimama.

"Ungesubiri tu chakula kiishe," akasema, akatoka.

Cheko alibaki na kofia mkononi. Ndani yake vilikuwa vimenata vinywele vichache, kila kimoja na kishina cheupe.

Dada mtu alimkuta uani, ameinamia ukuta. Hakumgombeza, na Cheko angeona afadhali angegombezwa.

"Alimwagikiwa na maji ya moto akiwa mtoto," alisema. "Shuleni walimwita majina ambayo siwezi kuyarudia. Akakua, akazoea. Sisi tulimwambia mara nyingi, siku hizi kuna madaktari wanatoa nywele nyuma ya kichwa, wanazipandikiza penye kovu. Akakataa. Anayenipenda atanipenda hivi hivi, ndivyo alivyokuwa anasema."

"Sasa kwa nini...?"

"Alikuja hapa Ijumaa moja, hajala. Akaniambia, 'Dada, nimemsikia akisema ataota majinamizi.' Wiki iliyofuata akaenda hospitali."

Cheko akaketi chini, na gauni lake jekundu, kwenye sakafu ya uani.

"Yule mwanamke..."

"Nesi. Ukitolewa nywele za nyuma unalazwa kifudifudi. Na uso huvimba siku za mwanzo. Leo alitaka kukueleza yote, halafu akuombe umuoe." Dada akajisahihisha, akajaribu kutabasamu, ikamshinda. "Akuombe akuoe, nilitaka kusema."

Asubuhi yake Cheko alifunga saluni, akaenda hospitali aliyotajiwa na dada. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Habari za mgonjwa siwezi kukupa, mama. Ila kazi yenyewe naweza kukueleza. Kovu ni ardhi ngumu, damu yake ni chache. Nywele zikipandwa hapo, siku za mwanzo zimeshikilia kwa kucha tu. Zilizong'oka hazishiki tena."

"Basi apandiwe nyingine."

"Labda, ngozi ikishatulia, na hilo huchukua miezi mingi. Na nywele za nyuma nazo zina mwisho. Hatuwezi kuchota tu."

Cheko akafungua kilemba. Nywele zake zilikuwa nyingi, nyeusi, ndizo zilizokuwa tangazo la saluni yake. "Chukueni zangu. Zote. Niacheni kipara."

Daktari alimtazama kwa huruma. "Za mtu mwingine mwili huzikataa, mama. Hata kama ni za anayekupenda."

Alimpigia Fundi mpaka akaona aibu mbele ya simu yake mwenyewe. Siku moja akapokea.

"Nisamehe," Cheko akasema.

"Nimeshasamehe."

"Zinaendeleaje?"

"Zinapukutika. Daktari anasema ndiyo kawaida yake, kwanza zinapukutika, ndipo ziote."

"Nije?"

"Bado, Cheko."

Jumba likaletewa fundi mwingine. Mvua zikaja, zikaisha. Saluni ilizidi kupata wateja, lakini waliozoea waligundua kuwa mwenye saluni siku hizi anasikiliza zaidi kuliko anavyosema, na wengine wakahamia penye soga.

Kisha alasiri moja Fundi akaingia. Shati jeupe lililopigwa pasi, suruali ya kijivu, kichwa wazi. Nywele zilikuwa zimeota, fupi na nyeusi, zikalifunika lile kovu kiasi kwamba asiyejua asingeona. Juu ya sikio tu palibaki wazi, sehemu ya upana wa dole gumba. Cheko alijua palitoka wapi.

"Umependeza," akasema.

"Asante. Nimepata kazi mji mwingine. Nimeona si vizuri niondoke kama mwizi."

Wakatoka kwenye varanda, mbali na masikio ya wateja. Cheko hakupanga maneno. "Sikuwa na haja na kichwa chenye nywele," akasema. "Ungenionyesha siku ile bustanini ningelia, basi. Ningekupenda tu. Yale mengine yalikuwa ya mdomo tu."

"Najua. Nilijua hata siku ile mlangoni. Lakini mtu anaweza kujua na bado akaumia. Na mimi nina kosa. Nilikuacha gizani, ukaingiwa na hofu."

"Basi tuanze upya. Mpenzi wangu, tafadhali. Wanaanza upya hata watu waliofanyiana makubwa zaidi."

Fundi alimtazama muda mrefu, na ilionekana neno la kukubali liko karibu. Cheko akaliona. Akainua mkono amtoe uzi mweupe uliomkalia begani.

Fundi akainama ghafla, akakinga kichwa kwa kiganja.

Wote wawili wakabaki hivyo hivyo, mkono wa mmoja hewani, wa mwingine kichwani. Cheko ndiye aliyeushusha wake kwanza.

"Si chuki," Fundi akasema. "Nakuapia, Cheko, moyoni sina kitu. Ni mwili. Kila siku nauambia, hauelewi."

"Nimeona."

"Mke hawezi kuishi na mume anayemkwepa mkono."

"Wala mume hawezi kuishi anakwepa," Cheko akajibu, na machozi hayakumngoja amalize.

Alimsindikiza hadi barabarani. Ilikuwa saa ya watu kutoka kazini na njia ilifurika.

"Uende salama," Cheko akasema.

"Nawe ubaki salama. Mwamkie mama."

Akavuka barabara. Cheko alisimama ukingoni kumtazama, akitumaini atageuka walau mara moja. Zamani angemtambua kwa mbali, kofia moja iliyoteremshwa masikioni katikati ya mji mzima. Sasa alikuwa mtu mwenye nywele zake, kama alivyotamani tangu utotoni, na mbele yake palikuwa na vichwa vyeusi vingi vinakwenda upande ule ule. Cheko alijitahidi kukifuata kimoja, kisha akaona siyo, akakitafuta kingine. Mpaka taa zilipobadilika na magari yakaanza kupita, hakuwa tena na hakika kipi kilikuwa chake.