Kiti cha Mwenye Jasho

Kila asubuhi Chiriku alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu: kumkanda bibi yake magoti. Alipasha mafuta kwenye kijiko, akachuchumaa kando ya kitanda, akaanza na goti la kulia, lile kaidi. Bibi, mjane aliyemzaa baba yake, alikuwa amepika katika jiko la hospitali tangu ujana wake hadi alipostaafu. Masufuria ya huko, alisema, ungeweza kumwogesha ndama ndani yake.

"Taratibu, mjukuu wangu. Hilo ni goti, si donge la unga."

"Bibi, mafao yako yakitoka utanunua nini?"

"Kutoomba," Bibi alijibu. "Sitaki kuamka nimwombe mtu hela ya sabuni. Mungu akinipa hilo, nimeshiba."

Jumamosi hiyo familia ilikuwa na miadi katika ukumbi wa mtaa. Kulikuwa na mama mmoja, mwalimu wa fedha, aliyesaidia familia kupanga gharama za chuo na maisha ya baada ya kustaafu. Kaka yake Chiriku alikuwa amepata nafasi katika chuo cha binafsi, na ada yake ilimkosesha baba usingizi. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Wiki ana kazi, wiki hana.

Bibi alikuwa ameshavaa viatu vyake vizuri wakati baba mdogo alipomvuta Chiriku hadi mlango wa jikoni. Mtaani walimwita baba mdogo Mheshimiwa, maana hata salamu aliitoa kama hotuba.

"Mwambie bibi yako mkutano umesogezwa hadi wiki ijayo," alinong'ona. "Wewe anakuamini."

"Lakini ni leo, Baba Mdogo."

"Akija ataanza kuuliza maswali. Mafao yale yote yakienda chuoni, kaka yako anasoma mpaka mwisho. Au unataka abaki kijiweni? Haya, nenda. Mtoto akitumwa haulizi."

Chiriku alimpenda kaka yake. Akaenda, akasema alivyotumwa. Bibi hakuuliza mara mbili. Alivua viatu, akavisukuma polepole chini ya kitanda. "Basi nijinyooshe kidogo," alisema.

Ukumbini, mwalimu wa fedha aliwapangia baba, Mheshimiwa, Chiriku na kaka yake viti vya plastiki, kisha akavuta kimoja zaidi na kukiweka katikati.

"Hiki ni cha mwenye jasho," alisema. "Sizungumzii fedha za mtu ambaye hayupo. Mama yenu yuko wapi?"

"Magoti yamembana," alijibu Mheshimiwa. "Ila ametubariki. Yote yaende kwenye ada."

"Yote?" Mwalimu akamgeukia baba. "Wewe ulimsikia akisema hivyo?"

Baba alitazama viganja vyake vyenye makovu ya moto. "Mdogo wangu ndiye aliyeniambia," alisema kwa sauti ndogo. Alikuwa ameamini kwa sababu kuamini kulimpa nafuu.

"Basi tutamsubiri."

Mheshimiwa alicheka. "Dada, kwani kiti nacho kinatia saini?"

Mwalimu hakucheka. Chiriku alikitazama kile kiti kitupu. Vidole vyake vilikuwa bado vinanukia mafuta. Akasimama.

"Bibi haumwi. Alikuwa tayari amevaa viatu. Nimemdanganya kwamba mkutano ni wiki ijayo. Baba Mdogo ndiye aliyenituma."

Baba aliinuka.

"Umemtumia mwanangu kumdanganya mama yetu?"

"Nilikuwa naisaidia familia."

"Familia ipi?" mwalimu aliuliza, na sasa sauti yake ilikuwa kali. "Huyu kijana anaweza kukopa asome, anaweza kufanya kazi wakati wa likizo, anaweza kuchagua chuo nafuu. Ana miaka mbele yake. Mama yenu akimaliza alichonacho, atarudi kuinua masufuria? Na magoti yale?"

Kaka, ambaye muda wote alikuwa ameinamisha kichwa kwa aibu, alitoka bila kuagizwa. Alirudi akiwa amemshika Bibi mkono. Bibi aliketi kwenye kiti chake, akawatazama wanawe mmoja baada ya mwingine.

"Nyinyi wawili niliwasomesha kwa jasho hili hili," alisema. "Mngeniomba, ningetoa. Lakini mmetaka kuniibia kitu ambacho ningewapa."



Ndipo wakapanga, Bibi akiwemo. Alitoa sehemu ya kumwanzishia mjukuu wake mwaka wa kwanza; iliyobaki ikakaa kwa jina lake, ya kumtunza mwezi hadi mwezi. Kaka akachagua chuo cha umma, ambacho nacho kilikuwa kimemkubali, na kuomba mkopo wa masomo. Baba akaahidi kwamba kila geti likilipiwa ataweka pembeni kidogo kwa ajili ya Chiriku, na kidogo kwa ajili ya uzee wake mwenyewe.

"Na mimi?" aliuliza Mheshimiwa, bila hotuba.

"Wewe utakuja Jumamosi kunikanda magoti," Bibi alisema. "Uyajue."

Kesho yake asubuhi Chiriku alipasha mafuta kama kawaida, lakini hakuthubutu kumtazama bibi yake usoni.

"Nisamehe, Bibi."

"Ulinifanya nivue viatu, mjukuu wangu. Hilo limeniuma kuliko magoti." Bibi akamwekea mkono kichwani. "Nimekusamehe, kwa sababu ulisimama ukasema kweli mbele ya watu wazima. Sasa sikiliza. Ukitumwa chumvi, nenda. Ukitumwa maji, nenda. Ukitumwa uongo, mrudishie aliyekutuma aubebe mwenyewe."

Kisha akanyoosha goti la kulia, lile kaidi.